Mfungue Uliyemfunga kwa Mdomo Wako

Somo la Jumapili, ibada ya pili
Maandiko: Kutoka 23:1–5, Mithali 14:25, Walawi 6:1–5



Sisi watu wa Mitaboni tunajua punda. Tumeona punda amebeba mitungi minne ya maji, anapanda ule mlima, mguu unateleza, anaanguka na mzigo juu yake. Hawezi kuinuka mwenyewe. Lazima mtu ashike mzigo upande huu na mwingine upande ule. Sasa nikuulize: ukifika pale ukute ni punda wa yule jirani mliyeshtakiana naye, yule ambaye hata matanga ya kwao hukuenda, utafanya nini? Wengi wetu tutakumbuka ghafla kwamba tumechelewa.

Neno la Mungu katika Kutoka 23 linasema usipite. Mstari wa 4 na wa 5 unatuambia kwamba mnyama wa adui yako akipotea, umrudishe, na punda wa mtu anayekuchukia akilala chini ya mzigo, msaidiane kumwinua. Huu mstari tunaupenda, tumeuhubiri sana. Lakini hebu rudi nyuma kidogo usome mstari wa kwanza wa sura hiyo hiyo. Unakataza kueneza habari za uongo, na unakataza kushirikiana na mtu mwovu ili uwe shahidi wa kumdhuru mwingine.

Umeona? Ushahidi wa uongo na punda wa adui viko ukurasa mmoja, na Mungu ana sababu. Ni kwa adui yako ndipo ulimi wako unateleza kwa urahisi. Rafiki yako ukimsingizia utakosa usingizi. Adui ukimsingizia utasema, "Alistahili tu." Na huenda yule aliyelala chini ya mzigo leo hakuangushwa na mlima. Ni wewe uliyempakia ule mzigo, kwa neno ulilosema.

NENO LA MTU MMOJA

Nataka tujifunze kutoka kwa historia ya nchi yetu. Wazee wanaikumbuka, vijana wameisoma kidogo shuleni na kuisahau baada ya mtihani.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari na kuanza kuwakamata viongozi. Sita kati yao walipelekwa kushtakiwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Achieng Oneko, na mwana wa hapa hapa Machakos, Paul Ngei wa Kangundo. Kapenguria ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali na watu. Mawakili walikuwa wanalala Kitale na kusafiri kwenda mahakamani. Kesi ilisikizwa katika darasa la shule.

Shahidi mkubwa wa serikali dhidi ya Kenyatta aliitwa Rawson Macharia, mtu wa Kiambu. Alisimama mbele ya Jaji Ransley Thacker akasema kwamba mwezi Machi 1950 alimwona Kenyatta kwa macho yake akilisha watu kiapo cha Mau Mau. Upande wa utetezi ulileta watu waliopinga habari hiyo. Ilipofika tarehe 8 Aprili 1953, jaji alisema katika hukumu kwamba anamwamini Macharia, na kwamba kwa kufanya hivyo amekataa kuwaamini mashahidi kumi wa utetezi.

Kumi kwa mmoja, wapendwa, na yule mmoja ndiye aliyeshinda.

Kenyatta na wenzake walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa lakini hakuachiliwa, aliendelea kuzuiliwa. Wengine walipelekwa Lokitaung. Ukitaka kujua Lokitaung iko wapi, panda gari hapa hadi Nairobi, toka Nairobi hadi Kitale, pita Kapenguria, shuka hadi Lodwar, na bado hujafika. Unaendelea kaskazini hadi karibu na mpaka wa Ethiopia. Ni jua, mawe na upepo. Kenyatta, kwa kuwa alikuwa mzee kuliko wenzake, alipewa kazi ya kuwapikia.

Mahali kama pale mkoloni hakuhitaji ukuta mrefu, maana utatorokea wapi? Mimi nikiwa mtoto nilifikiri mtu akifungwa mahali kama pale, wa kumtoa lazima awe shujaa wa sinema, anakuja usiku na bunduki. Lakini kufuli ya Lokitaung haikuwa Lokitaung. Ilikuwa kwenye karatasi za mahakama, na mmoja wa wale walioishika ufunguo alikuwa anatembea huru Kiambu.

KARATASI YA MWAKA 1958

Miaka mitano baada ya hukumu, mwezi Novemba 1958, Rawson Macharia alitia sahihi hati ya kiapo. Ndani yake alisema kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa uongo, kwamba yeye na mashahidi wengine walipewa ahadi ya malipo, na kwamba kile alichosema kuhusu Kenyatta hakikutokea.

Ahadi yenyewe ilikuwako kwa maandishi. Kulikuwa na barua ya mwaka 1952 yenye hesabu yake: nauli ya ndege kwenda Uingereza, masomo ya chuo kule Exeter, matunzo ya familia yake, na kazi ya serikali akirudi. Jumla ilipita pauni 2,500. Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo nikiona barua kama ile ninasoma mistari yake moja moja. Ni bajeti kabisa. Mtu alikaa mezani na kalamu, akapiga hesabu ya bei ya uhuru wa mwenzake.

Sasa fikiria Macharia mwaka ule wa 1958. Masomo ameyapata. Hakuna mtu aliyekuwa anamlazimisha kufungua mdomo. Kenyatta alikuwa amebakisha miezi tu kifungo chake kiishe. Angeweza kusema, "Mambo yamepita, atatoka tu." Lakini alirudi kule kule alikokosea, kwenye karatasi na kiapo, na akaandika kinyume cha yale aliyosema kwanza.

Serikali ilimshtaki. Na sikiliza vizuri alishtakiwa kwa nini. Hakushtakiwa kwa ule ushahidi wa Kapenguria. Alishtakiwa kwa kuapa uongo katika ile hati ya 1958. Wakili D. N. Pritt, yule yule aliyemtetea Kenyatta Kapenguria, alikuja kumtetea. Wakili wa adui yako anakuja kukutetea! Hata hivyo mahakama haikumwamini. Mwaka 1959 Macharia alifungwa miezi 21.

Alipomtia mwenzake gerezani, alilipwa. Alipojaribu kumtoa, akafungwa yeye. Ukisoma Kumbukumbu la Torati 19:16–19 utaona sheria ya Musa ilisema shahidi wa uongo atendewe lile alilokusudia kumtendea ndugu yake. Macharia alionja gereza, ingawa ilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia.

Je, alimtoa Kenyatta? Siku ile, hapana. Mwezi Aprili 1959 Kenyatta alimaliza kifungo cha Lokitaung akahamishiwa Lodwar, bado chini ya ulinzi, halafu Maralal mwaka 1961. Aliachiliwa Agosti 1961, baada ya watu wengi kusukuma lango lile kwa miaka: wabunge waliomtaja wakati kumtaja kulikuwa hatari, wapiga kura wa 1961, na chama cha KANU kilichokataa kuunda serikali yeye akiwa kizuizini. Karatasi ya Macharia ilikuwa mkono mmoja kati ya mikono mingi. Lakini ilifanya jambo ambalo hakuna mwingine angeweza kulifanya. Mtu mwingine yeyote angeweza kusema Kenyatta alionewa. Ni yeye peke yake aliyeweza kusema, "Nilimwonea mimi."

Sisemi Macharia alikuwa mtakatifu. Alichukua malipo, akala. Nasema alijua ni mzigo gani alipakia, na ni punda wa nani, akarudi kuushika.

USHUHUDA WANGU

Sasa wapendwa, ningeweza kuishia hapo tuseme Amina. Lakini Roho Mtakatifu amenisumbua wiki mbili, kwa hiyo acha nami niseme yangu.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi Nairobi katika stoo ya vifaa vya ujenzi. Msimamizi wa stoo alikuwa mzee mmoja ambaye hakunipenda hata siku moja. Aliniita "Bwana Digrii" mbele ya wapakiaji. Nikikosea hesabu ya misumari aliitangaza hadi getini. Nilimchukia, na wakati ule nilikuwa nimeokoka, naimba kwaya.

Siku moja mifuko ya saruji ikapotea. Bosi akatuambia kila mtu aandike taarifa. Mimi nilikuwa nimesikia tu kutoka kwa mlinzi kwamba ati huyo mzee alionekana akifungua geti usiku. Nikaandika, "Nilimwona." Wapendwa, tofauti ya nilisikia na nilimwona ni neno moja tu. Nilijiambia si uongo sana, pengine ni kweli, na hata kama si kweli, huyu mzee amezidi.

Akakamatwa. Akashtakiwa. Dhamana ikamshinda. Akakaa rumande miezi mitatu. Nami nikapandishwa cheo nikakalia kiti chake.

Sikupata maono wala sauti kutoka mbinguni. Kilichonivunja ni kikombe chake. Alikiacha kwenye rafu ya stoo, kikombe cha bati kimechubuka mdomo, na hakuna mtu aliyekiondoa. Kila asubuhi nikifungua stoo nakiona. Wiki ya Pasaka nilishindwa kushiriki meza ya Bwana. Nikaenda kwa mchungaji wangu, nikamwambia yote.

Bosi alipojua ninataka kubadilisha taarifa, alinionya kwamba nitashtakiwa mimi. Na kwa sheria onyo hilo halikuwa la bure. Kusema uongo chini ya kiapo mahakamani ni kosa ambalo Kanuni ya Adhabu ya Kenya inalipa hadi miaka saba. Miaka saba, ile ile ya Kapenguria! Mimi nilikuwa bado sijaapa, nilikuwa nimeandika taarifa tu, na hiyo ni neema ya Mungu. Nilienda na mchungaji kwa mpelelezi wa kesi, nikaandika taarifa mpya. Baada ya wiki kadhaa mashtaka yaliondolewa. Mzee akatoka. Mimi nikafukuzwa kazi.

Nikafikiri nimemaliza. Lakini Walawi 6 inasema aliyedhulumu arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Basi Bwana Digrii akachukua kikokotoo. Mshahara wa mzee ulikuwa shilingi 18,000. Miezi mitatu ni 54,000. Sehemu ya tano ni 10,800. Jumla 64,800. Sikuwa nazo, kwa hiyo nikapanga kulipa 5,400 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Nikaenda kwake na ile karatasi ya hesabu, na za mwezi wa kwanza mkononi.

Hakunikaribisha ndani. Alisoma karatasi akiwa amesimama, akaniuliza, "Kijana, watoto wangu walikosa shule muhula mzima. Hiyo umeiweka mstari gani?"

Sikuwa na mstari huo. Nilisema, "Mzee, hiyo sina jinsi ya kuilipa. Nimekuja kukuambia nilikuonea." Akachukua pesa, akafunga mlango.

Miezi kumi na mmoja iliyobaki nilituma kwa M-Pesa. Kila mara alijibu neno moja: "Imefika." Mwezi wa mwisho nilingoja kwamba labda ataongeza neno. Akaandika, "Imefika." Hadi leo hatujawahi kunywa chai pamoja. Nilipenda niwaletee ushuhuda unaoishia kwa kukumbatiana, lakini sina. Nina huu. Mzee yuko nje, watoto walirudi shule, na mimi ninaweza kushika kikombe cha meza ya Bwana bila mkono kutetemeka.

MAMBO MATATU YA KUSHIKA

1. Rudi kwa njia ile ile uliyopitia. Macharia aliapa uongo, akarudi kwa kiapo. Kama ulimsingizia mtu kwenye baraza la chifu, usiende kumwomba msamaha gizani halafu baraza libaki na uongo wako. Kama ulisema kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo kwamba shemeji amekula pesa za matanga, urekebishe kwenye kikundi hicho hicho. Kama ulisema kwenye mkutano wa chama, simama kwenye mkutano wa chama. Zakayo hakusema moyoni tu kwamba atarudisha. Alisimama akasema mbele ya watu, tena kwa kiwango.

2. Usimwachie Mungu gharama ambayo ni yako. Damu ya Yesu inaondoa hatia, Amina. Lakini damu ya Yesu haijawahi kumrudishia jirani mpaka uliosogeza. Hiyo jembe lako lilifanya, jembe lako lirudishe. Tena usiende peke yako. Jambo likiwa la polisi au mahakama, tafuta kwanza ushauri wa wakili, na uende na mtu mzima wa kiroho. Ujasiri si kukosa akili.

3. Usimdai msamaha uliyemuumiza. Kuna watu wanakuja kuomba msamaha kama wanadai deni: "Nimekuomba msamaha, mbona hunisalimii?" Ndugu, wewe ndiye mwenye deni. Kazi yako ni kuinua mzigo kutoka kwa punda. Punda akiinuka akaondoka bila kukutazama, wewe umetii. Na kwa wewe uliyeonewa, uliyeketi hapa na jina lako halijasafishwa hadi leo: kanisa hili halitakuambia unyamaze ili amani iwepo. Njoo ofisini tuzungumze.

Nasema haya nikijua kwamba mwezi huu kuna washirika wetu wameitwa kutoa ushahidi katika kesi za mipaka ya mashamba. Wengine wameitwa na ndugu zao wa damu, na wameambiwa cha kusema. Mpendwa, Mithali 14:25 inatufundisha kwamba shahidi anayesema kweli anaokoa uhai wa watu. Kama hukuona lile jiwe la mpaka likiwekwa, sema hukuona. Kama ulisikia kwa babu, sema ulisikia kwa babu. Na kama kweli unayoijua inamsaidia yule usiyesalimiana naye, iseme vile vile. Utapoteza chakula cha Krismasi kwa ndugu zako, pengine. Lakini mahali fulani kuna mtu yuko chini ya mzigo, na wewe umeshika upande mmoja wa kamba.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI (Jumatano)

1. Soma Kutoka 23:1–5 kwa sauti. Kwa nini amri ya ushahidi na ya punda wa adui ziko pamoja?
2. Jaji wa Kapenguria alimwamini mtu mmoja dhidi ya kumi. Katika kijiji chetu, ni wapi neno la mtu mmoja linaweza kumharibu mwenzake?
3. Macharia alisema kweli, na lango halikufunguka siku ile. Je, utii wako unategemea matokeo?
4. Swali hili usilijibu mbele ya watu, nenda nalo nyumbani: kuna mahali uliandika au kusema "nilimwona" wakati ulipaswa kusema "nilisikia"?

MAOMBI

Baba, tunakuja mbele zako na midomo yetu. Wako watu waliofungwa na maneno yetu, wengine kwa kufuli, wengine kwa aibu, wengine kwa kunyimwa haki yao. Utukumbushe majina yao wiki hii. Utupe nguvu ya miguu kuwaendea, hesabu ya haki ya kuwalipa, na moyo wa kuvumilia mlango ukifungwa usoni. Na kwa wale wanaosimama mahakamani wiki hii, weka kweli katika vinywa vyao, hata ikimwokoa adui. Katika jina la Yesu, Amina.

Mchungaji Msaidizi, Mitaboni